Rangi za Watu Juu ya Bati Letu

Katika nyua za gereji za Nairobi, Kampala, Arusha na Dar es Salaam hukosi kuliona gari moja kuukuu lililopandishwa juu ya magogo, limevuliwa viti na mazulia, linangojea kutiwa kizimba cha vyuma ili ligeuke kuwa gari la mashindano. Na ukiwauliza wenyewe, ambao aghalabu ni vijana wawili watatu waliochanga akiba zao, utaambiwa kwamba injini ingali inatafutwa na giaboksi haijalipiwa, lakini rangi imekwisha kukubaliwa tangu siku ya kwanza, nayo ni samawati yenye maandishi ya manjano na rimu za dhahabu. Sina ugomvi na mapenzi ya vijana hao, maana mtu asiyependa kitu hawezi kulala chini ya gari usiku kucha akishika tochi kwa meno. Ugomvi wangu ni juu ya mpango wa mambo: kwamba rangi iliyostahili kuja mwisho imetangulia mbele, na kwamba ilipokuja ilikuja ikiwa ni rangi ya watu wengine.

Vijana hao ni madereva wa ridhaa, na ninaposema dereva wa ridhaa nakusudia yule ashindanaye kwa fedha yake mwenyewe, asiye na kiwanda nyuma yake wala lori la vipuri linalomfuata, ambaye Jumamosi yu njiani na Jumatatu yu kazini. Watu wa namna hii ndio walioyaasisi mashindano yetu. Safari Rally ya kwanza, ya mwaka 1953, iliyoandaliwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuwa ni mashindano ya magari yaliyouzwa madukani, na makundi yake yalipangwa kwa bei ambayo mtu angeliyanunua. Hata mwaka 1965, siku ambazo viwanda vya ng'ambo vilikuwa vimekwisha kuonja utamu wa sifa za barabara zetu, mshindi alikuwa mwenyeji, Joginder Singh, pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo PV544 ambayo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuitumia na kuiacha huku, nao wakainunua ikiwa mtumba. Gari lile lilikuwa na umbo la mviringo la zamani ambalo hata wakati huo lilihesabiwa kuwa limepitwa na mitindo, wala sijasikia kwamba umbo lake lilimpunguzia Joginder hata dakika moja.

Basi tuanze na umbo, kwa kuwa rangi huweza kubadilishwa kwa juma moja, ilhali umbo la bodi ukishalichagua umelioa. Adui mkubwa wa bodi katika nchi zetu ni vumbi, na si upepo kama wanavyodhani wale waliojifunza mbio katika picha za Ulaya. Gari lipitapo kwa kasi huacha nyuma yake mahali ambapo hewa ni haba kuliko ubavuni, na vumbi lililotimuliwa na matairi hurejea kuja kupajaza mahali hapo. Kwa hiyo gari lililokatwa wima nyuma, mfano wa stesheni wagoni na yale madogo yasiyo na buti, hujirushia vumbi lake lenyewe katika kioo cha nyuma, na kama mpira wa mlango ule wa nyuma umechoka, ambao katika gari la miaka 20 lazima umechoka, vumbi huingia ndani na kumkuta dereva kwa mgongo. Madereva wenye ujuzi hupasua tundu la hewa juu ya paa, lenye mdomo unaoelekea mbele, ili hewa iingie kwa nguvu na shinikizo la ndani lizidi la nje, vumbi likose njia. Ni tadbiri njema, lakini haina nguvu gari linapokwenda polepole, na polepole ndipo vumbi linapokuwa zito. Aliyewahi kupita Kedong au kandokando ya Ziwa Naivasha wakati wa kiangazi, katika lile vumbi laini la asili ya volkano ambalo madereva huliita fesh-fesh, anafahamu kwamba lina tabia ya kupita hata mahali ambapo maji hayapiti.

Saluni yenye buti yake peke yake ina fadhila hapa ambayo watu huidharau kwa sababu haionekani katika picha. Baina ya kiti cha nyuma na buti, katika saluni nyingi, kuna ukuta wa bati, na ukuta ule hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huzuia vumbi la nyuma lisifike kwa abiria, tena hukaza bodi isijipinde gari linapotua kwa gurudumu moja. Gurudumu la akiba, jeki na makopo ya mafuta hukaa nyuma ya ukuta, si nyuma ya visogo vya watu. Katika gari lisilo na buti vitu hivyo vyote huwa chumba kimoja na wewe, na mkanda ukikatika gari likibiringika, ni vyepesi kukuelekea kuliko wewe kuvikwepa.

Walakini haki itendeke. Gari fupi la nyuma lina mkia mdogo usiogusa ardhi linapotoka bondeni, ilhali saluni nyingi zimeacha bampa zao katika makorongo ya Afrika Mashariki. Gari fupi hugeuka upesi katika njia ya kona nyingi. Na mtu akinikumbusha kwamba tangu Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, hata 2025, kila mwaka imetwaliwa na Toyota Yaris, gari fupi lisilo na buti, sina la kukana. Najibu tu kwamba zile ni Yaris kwa jina na kwa taa za mbele, na ndani yake ni kazi ya kiwanda kizima. Ukitazama miaka ambayo gari la mashindano lilikuwa bado jamaa wa karibu wa gari la dukani, utaona saluni ikirudi mara kwa mara: Peugeot 404 mwaka 1963, kisha mfululizo wa 1966 hadi 1968, Lancer ya Joginder 1974 na 1976, Datsun za Shekhar Mehta kuanzia 1979 hadi 1982, na hata mwaka 1987, gari kubwa la heshima lililofaa kumpeleka waziri ofisini, Audi 200, likatwaa ushindi. Magari ya michezo ya milango miwili nayo yalishinda, Datsun 240Z mwaka 1971 na 1973, Toyota Celica katika miaka ya 1980, lakini kila moja lilikuwa na kiwanda nyuma yake na mafundi wa kulifuata na vipuri vyake.

Hapo ndipo ilipo hoja ninayoiona kuwa kubwa kuliko ya vumbi. Dereva wa ridhaa ataligonga gari lake. Hili si dua mbaya, ni hesabu. Na siku atakapoligonga, swali halitakuwa umbo lipi ni zuri, bali mlango wa kushoto utapatikana wapi na kwa bei gani. Umbo bora kwa mtu wa Kampala ni lile ambalo Kisekka wanalo limerundikwa. Kwa mtu wa Nairobi ni lile ambalo Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, wanalitaja bei bila kuinua kichwa. Kwa mtu wa Dar es Salaam ni lile la Gerezani. Subaru Impreza ya umbo la kwanza, ambayo vijana wanaitamani kuliko mahari, ilitengenezwa tangu 1992 hata 2000, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri uliopita miaka 8. Maana yake ni kwamba magari mazima ya umbo hilo hayaji tena, na yale yaliyomo nchini hupungua kila moja linapopinduka katika shamba la mtu. Milango yake, madigadi yake na boneti zake zinazidi kuwa adimu, na kitu adimu kina desturi ya kupanda bei usiku ule ule unaokihitaji. Ilhali Corolla za saluni zingali zimejaa kama teksi na magari ya waalimu, na katika Kenya kuna Probox, gari lisilo na urembo hata kidogo, ambalo limebeba miraa, saruji, kuku na maiti, na ambalo kila kijiji kina mtu anayeweza kulinyoosha. Najua hakuna mtoto atakayebandika picha ya Probox ukutani. Lakini ukiniuliza gari gani litakalokuwa linashindana bado katika duru ya mwisho ya mwaka, kwa mkoba wa mtu wa mshahara, nitaitaja mbele ya gari jingine lolote lenye jina, pamoja na vumbi lake la nyuma.

Sasa rangi. Hapo zamani, katika Ulaya, rangi ya gari la mashindano ilikuwa ni ya taifa: Mwingereza kijani, Mfaransa samawati, Mwitalia nyekundu, Mjerumani nyeupe ambayo baadaye ikawa fedha. Mwaka 1968 timu ya Lotus iliivua kijani ya nchi yake na kuvaa nyekundu, nyeupe na dhahabu za sigara za Gold Leaf, na tangu hapo bendera ikaipisha pakiti. Ndivyo ilivyokuja hata ile samawati ya Subaru. Tarakimu 555 ambazo vijana wetu huzichora ubavuni kwa mkono wa taadhima si namba ya gari wala ya injini. Ni jina la sigara, State Express 555, mali ya kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco, na manjano na samawati zile ni mavazi ya sigara hiyo. Subaru walipokwenda kushindana katika nchi zilizokataza matangazo ya tumbaku iliwalazimu wazifiche tarakimu zile na kuweka michoro mingine mahali pake. Kiwanda kililipwa fedha nyingi kuzibeba. Kijana wa kwetu huzibeba bure, tena hulipia rangi na stika kwa fedha yake, katika nchi ambayo, ikiwa ni Kenya, imepiga marufuku matangazo ya tumbaku kwa sheria ya mwaka 2007.

Nafahamu nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba si sigara wanayoikumbuka bali ni Colin McRae, aliyeshinda Safari mwaka 1997 katika gari la rangi hiyo, na kwamba mtu aliyesimama kando ya njia akiwa na umri wa miaka 10, akaisikia injini ile kabla hajaiona, ana haki ya kuchukua kumbukumbu yake na kuipaka popote. Haki anayo. Lakini apendaye na aige sawasawa: Impreza ya McRae ya mwaka ule ilikuwa ya milango miwili, na hizi zinazofanywa ndugu zake karibu zote zina minne, na McRae mwenyewe alipoishinda tena Safari mwaka 1999 na 2002, alikuwa katika Ford Focus, gari la umbo jingine na mavazi mengine kabisa. Yeye hakuifungia ndoa rangi ile. Wamebaki kuifungia watazamaji wake.

Ila lenye kunikera zaidi ni kwamba katika duru moja ya mashindano ya klabu hupita magari matatu manne yenye samawati ile ile, na mtazamaji aliyepanda kilimani na mwanawe hajui nani ni nani mpaka yamekwisha kupita. Dereva ametumia akiba ya miaka ili asijulikane.

Rangi ya gari la mbio, kabla ya kuwa fahari, ni chombo cha kazi, na waliotutangulia walilijua hilo. Ile Datsun 240Z ambayo Edgar Herrmann aliishinda nayo Safari ya 1971 ilikuwa nyekundu, na boneti yake ilipakwa nyeusi isiyong'aa. Wengi hudhani weusi ule ni urembo. Ni dawa ya jua: boneti ndefu iliyong'arishwa humrudishia dereva mwanga machoni asubuhi na jioni, wakati jua linapolala chini mbele yake, na nyeusi kavu huumeza mwanga huo. Kadhalika paa jeupe, ambalo si la bure katika gari lililong'olewa kipoza hewa na ambamo watu wawili wamevaa nguo nzito za kuzuia moto na kofia ngumu. Bati jeupe hulirudisha joto la jua ambalo bati jeusi lingelishusha juu ya utosi wao. Mambo haya mawili, boneti nyeusi kavu na paa jeupe, ningelimshauri dereva yeyote wa ridhaa ayafanye hata kama hataki kusikia neno langu jingine.

Ama ubavu, hapo hukumu ni ya ardhi. Rangi ya machungwa ni nzuri mno katika majani ya chai, lakini katika vumbi jekundu la Uganda na la nyanda nyingi za Tanzania hupotea mara moja. Nyeupe huonekana vema katika udongo mwekundu, walakini katika vumbi la kijivu la Bonde la Ufa baada ya maili chache haiko tena. Rangi ya mchanga na ya fedha hazionekani popote, na ni ajabu kwamba bado zina wateja. Jicho la mwanadamu wakati wa mchana hushika kwa wepesi kuliko zote rangi iliyo kati ya manjano na kijani, na wataalamu wa nuru wameupima urefu wa wimbi la mwanga huo wakaukuta ni kama nanomita 555. Sadfa hii hunichekesha: mwenye kuitaka tarakimu ile kwa udi na uvumba anaweza kuipata katika rangi yenyewe, bila ya kumtangazia mtu sigara. Machweo yakikaribia, jicho huhama, likawa linashika zaidi samawati na kijani, na nyekundu ikawa ya kwanza kugeuka nyeusi. Kwa hiyo gari jekundu lililovutia saa sita huwa kivuli saa kumi na mbili na nusu, na duru zetu, kwa kuchelewa kwake kuanza, humalizika saa hizo mara nyingi kuliko ratiba inavyokiri.

Kuhusu namna ya kuzipanga rangi hizo, sioni kwa nini tusome kwa Waitalia ilhali pwani yetu ina chuo chake. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo ni pana, limezunguka pande zote, nalo huonekana hata ukiwa ng'ambo ya njia; mji umeachiwa nafasi; jina ni fupi na liko mahali pake. Gari lililopakwa kwa mpango huo, pindo pana chini ya milango na kuzunguka mkia, ubavu mtupu unaoingojea namba, na neno moja la kuchekesha au la kuchokoza juu ya buti kwa ajili ya yule anayepitwa, lingetambulika kutoka kilima cha pili, wala lisingefanana na gari la Ulaya. Wachoraji wa matatu za Nairobi wanao mkono wa kazi hiyo kuliko mtu yeyote, ingawa wao ingebidi wazuiwe kidogo, kwani tabia yao ni kutoacha mji.

Ninamjua fundi mmoja wa bodi, mtu mzima, ambaye niliwahi kukaa kitako katika banda lake nikamtazama akiisugua boneti ya Corolla kwa msasa wa maji uliokunjwa juu ya kipande cha ubao. Kila aliposugua, tabaka lilipisha tabaka: chini ya fedha ikatokea nyeupe, chini ya nyeupe kijani ya teksi, chini yake rangi nyeusi kidogo ya msingi, na mwisho bati lenyewe, yote yamejipanga katika duara lisilozidi kiganja. Alipokwisha kujaza pati na kuisawazisha, alipuliza juu yake ukungu mwembamba wa rangi nyeusi, akasugua tena. Palipobaki weusi ndipo palipo na shimo ambalo jicho halikuliona. Kisha akafumba macho, akaweka kitambaa chini ya kiganja, akakipitisha polepole kutoka taa hata kioo. Mwenye gari, kijana wa makamo ya mwanawe, alikuwa amekuja na picha ya rangi ya lulu yenye kubadilika-badilika katika jua. "Shikamoo mzee, hii inawezekana?" Fundi akaitazama picha ile kwa adabu. "Marahaba. Inawezekana, baba. Lakini ukiligonga Jumamosi jioni, Jumapili alfajiri mimi nitakutolea wapi hii?"

Swali lile ni zito kuliko makala hii nzima. Rangi ya lulu, na ya chembe za kung'aa, hutegemea si mchanganyiko tu bali na pembe ya bomba, nguvu ya kompresa, na idadi ya mikono iliyopita. Fundi yule yule, kwa kopo lile lile, hawezi kuirudia mlangoni bila ya kiraka kuonekana, mpaka apake ubavu mzima. Rangi kavu ya namna moja, manjano, nyeupe au nyekundu ya kawaida, huchanganywa katika duka lolote, hukubali kiraka, hukauka kabla ya asubuhi. Nyeusi yenye kung'aa ningeiepuka kwa sababu nyingine, kuwa hutangaza kila wimbi la bati, na bati la gari lililokwisha pinduka halikosi mawimbi. Na wenye mabanda nawaomba jambo moja nje ya urembo: hardina ya rangi hizi za kisasa ina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huwatia mafundi pumu isiyopona, na leso iliyofungwa puani haizuii chochote. Mwenye gari anayeweza kununua rimu za dhahabu anaweza kumnunulia fundi wake kinyago cha kupumulia.

Ile karatasi ya plastiki ya kubandika, ambayo viwanda vikubwa hufunika nayo gari zima siku hizi, ina mahali pake kwa majina ya wafadhili, maana hutoka bila kuharibu, na mfadhili wa dereva wa ridhaa huwa wa msimu. Lakini nyuma ya magurudumu, ambapo mawe hupiga bila kukoma, huchanika kwa duru moja, ikaacha gari likipepea. Huko rangi ndiyo inayofaa, na kipande cha mpira mnene juu yake. Mfadhili mwenyewe, awe mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekupa matairi mawili, naye apewe haki yake kwa akili: picha za magazeti huchukuliwa karibu zote kutoka mbele kwa upande, gari likiwa linaingia kona, kwa hiyo jina lililokaa katika madigadi ya mbele husomwa na maelfu, na lililokaa mlango wa nyuma husomwa na mkewe.

Limebaki moja, na hili nalielekeza kwa maofisa wa klabu. Nje ya gari la mashindano hubandikwa alama ambazo si za mapambo: pembetatu ya samawati yenye umeme mwekundu ndani yake, kuonyesha mahali pa kukatia umeme, duara jeupe lenye herufi nyekundu, kuonyesha mahali pa kufyatulia kizimamoto, na kulabu ya kuvutia gari, ambayo yapasa kuwa ya rangi kali. Mtu anayezitafuta alama hizo huzitafuta gari likiwa kichwa chini, katika moshi, pengine ni mwanakijiji ambaye hajapata kufundishwa. Pembetatu ya samawati juu ya gari la samawati, katikati ya stika 30 za rangi zote, ni sawa na haipo. Wakaguzi wetu hupima mikanda na kizimba kwa uangalifu unaostahili sifa, kisha huipitisha rangi yoyote. Ningependa wamsimamishe mmoja wao hatua 100 mbele ya gari, na mwingine hatua 100 ubavuni, gari likiwa limemwagiwa ndoo ya vumbi la njia ya siku hiyo, na akishindwa kuisoma namba, au akikawia kuiona pembetatu anapolikaribia, mwenye gari apewe brashi na kopo la rangi nyeupe kabla ya kupewa karatasi ya kuondokea.